Alama kwenye Kifuniko

Valdres, tarehe 28 Novemba 1942

Borghild binti yangu,

Mimi baba yako Embrik nimetimiza miaka sabini na tisa mwezi uliopita. Nimewazika ndugu zangu wanne, farasi saba, makasisi watano, na daktari mmoja aliyeniambia nikiwa na miaka arobaini kwamba haya mapafu hayafiki Pasaka. Nimemzika na mama yako, lakini yeye simweki kwenye hesabu moja na farasi. Bado nakata kuni zangu mwenyewe, bado nateremka kwa skii hadi posta bila kuanguka, na Gjertrud wa posta ameniona akabaki kinywa wazi. Ukimsikia mtu huko mjini anasema wazee wa bondeni wanakwisha, mwambie kuna mmoja hajapata habari hiyo.

Salamu kwako, kwa Aslaug na kwa Steinar, na kwa Yngvar. Barua zako mbili zimekuja bila mumeo kuandika hata jina lake mwishoni kama alivyozoea. Mwambie baba mkwe anauliza kama kalamu imemvunjikia. Huku ng'ombe wamebaki wawili, Dagros na yule mweupe, wengine unajua nani amewala. Theluji imewahi. Rafiki yangu Syver anakusalimu, bado anadai ndiye aliyekufundisha skii, na ni mimi.

Sasa habari yenyewe. Barua hii inakuja na dereva Ludvik kwa mkono, haipiti kwa wale wanaofungua bahasha za watu, kwa hiyo nasema wazi. Najua umeshawaambia watoto kwamba mwaka huu hakuna samaki wa Babu. Dukani chumvi ilikwisha tangu Agosti, na bonde zima likasema basi, Krismasi bila samaki wa kuvundika pipani na kuliwa bila kupikwa, tutakula uji tukiimba. Syver naye kasema hivyo hivyo. Mimi nikamwambia, Syver, familia hii imevundika trauti kila Septemba tangu babu wa babu yangu. Ilivundika hata mwaka ule watu walisaga magome ya miti wakaoka mkate. Haitaacha kwa ajili ya askari wa kigeni wenye kofia za chuma. Akacheka akasema, haya, utatia chumvi gani, ya machozi?

Nikavua trauti hamsini na tatu. Nikawapasua, nikawatoa damu yote kwenye uti wa mgongo. Chumvi niliyokuwa nayo ni nusu ya inayotakiwa. Nikatia hiyo nusu, nikaongeza maji ya pipa la mwaka jana na kijiko cha sukari. Mkono uliofanya kazi hii miaka sitini hauulizi mizani. Nikajaza pipa langu kubwa na kipipa chako siku moja.

Na hapo hujasikia akili yenyewe. Wakaguzi wa vyakula wamekuja mara mbili. Wamepanda ghalani, wameshuka shimoni, wamegonga kuta. Hawakupata kitu, maana mapipa yote mawili nimeyafukia zizini, chini ya majani anapolala Dagros. Yule mkaguzi mnene alifika mlangoni pa zizi, Dagros akainua mkia, na ukaguzi ukaishia hapo. Miezi mitatu samaki wamelala kwenye joto la ng'ombe kama wafalme. Nani mwingine bondeni angewaza hivyo?

Kifuniko utakiona kina alama tatu za kisu. Watoto uwakumbushe maana yake: mwenye pipa huonja kwanza, hukaa siku tatu, na akiamka mzima siku ya tatu hukata alama tatu, moja kwa kila siku aliyoishi. Pipa lisilo na alama haliliwi na mtu wa kwetu.

Ludvik amesimama mlangoni, gari lake linaloendeshwa kwa moto wa kuni linatoa moshi na anasema hatasubiri. Kipipa kitasafiri chini ya magogo.

Baba yako, Embrik


Oslo, tarehe 6 Desemba 1942

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole na baridi. Sisi hatujambo. Aslaug amepoteza meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Steinar anauliza kila siku Dagros anakula nini. Tunakula tanipu, Baba. Asubuhi tanipu, jioni tanipu, Jumapili tanipu iliyokatwa vizuri zaidi. Foleni ya mkate naianza saa kumi na moja alfajiri, lakini nina koti la mama, halipitishi upepo.

Yngvar ana kazi nyingi siku hizi, nyumbani haonekani sana. Salamu zako nitamfikishia.

Mzigo wako umefika salama. Nilipousoma ule ujumbe alioleta Ludvik nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, usicheke. Mzigo nimeuweka kwenye chumba cha makaa chini ya nyumba, na mama wa ghorofa ya pili ameshaniuliza kama kuna panya aliyefia ukutani. Nikamwambia ndiyo, panya mkubwa, wa ukoo mzuri.

Steinar alihesabu alama kwa kidole. Moja, mbili, tatu, akasema, "Babu hajafa." Aslaug akamwambia bila shaka hajafa, mjinga wewe, ameandika barua. Kifuniko kimeinuka kidogo katikati, kama mkate unaoumuka, nimeweka jiwe juu yake.

Tutawala mkesha wa Krismasi saa kumi na mbili, kengele zikinyamaza. Tutawala bila kupika, kama ulivyotufundisha, kama kila mwaka. Watoto wanahesabu siku.

Mwanao, Borghild


Valdres, tarehe 13 Desemba 1942

Borghild,

Barua yako nimeipata jana. Mimi mzima, ng'ombe wazima, theluji imefika dirishani. Poleni na tanipu. Mwambie Aslaug mimi nilipoteza meno kwa mpigo mmoja wa farasi na nikacheka siku hiyo hiyo.

Ule mzigo usiufungue kabla sijakuandikia tena. Si neno kubwa. Unataka muda zaidi. Kifuniko kuinuka ni jambo la kawaida, nimeona vikiinuka kuliko hicho. Niambie chumba cha makaa kina baridi kiasi gani. Niambie pia kama kimeendelea kuinuka.

Syver alikuja jana tukafungua langu. Alikula wawili wazima na viazi, akaenda zake akiimba. Mimi sikula, nilikuwa nimeshiba uji.

Siwezi kueleza zaidi, barua hii inapita posta na unajua macho mangapi yanaisoma. Wewe unayesoma kabla ya binti yangu, nakusalimu pia, na mwandiko huu kama unakusumbua nenda kwenu.

Usifungue.

Embrik


Valdres, tarehe 15 Desemba 1942

Borghild,

Salamu tena. Najua nimekuandikia juzi. Nina wino na nina muda.

Syver hajisikii vizuri. Jana asubuhi alitoka nje akamwambia mkewe Guro kuna farasi wawili uani, na farasi ni mmoja. Guro akamwambia lala, ulikunywa nini kwa Embrik? Nami nilipokwenda nikamwambia hivyo hivyo, ni ile pombe ya viazi anayopika mwenyewe kwenye bomba la madini ya risasi, nimemwonya miaka. Alinitazama kwa jicho moja, la pili kope imeshuka na hainuki. Akasema, "Embrik, kinywa changu kimekauka kama kiatu." Nikampa maji, yakarudi puani.

Ni pombe. Nimeshaona pombe ikifanya mambo.

Nimetoka posta sasa hivi. Gjertrud aliniuliza, "Barua ya pili wiki hii, mzee Embrik? Kama ni jambo la haraka nikupigie telegramu kwa binti yako, waya uko wazi." Nikamwambia mimi si mfanyabiashara, barua inatosha. Telegramu inataka maneno machache na kila neno linapita mikononi mwake kabla ya kwenda, na kesho bonde zima lingejua nimesema nini kuhusu samaki wangu.

Usifungue huo mzigo. Nakuambia mara ya pili. Nijibu siku hiyo hiyo utakayopata hii.

Embrik


Valdres, tarehe 18 Desemba 1942

Borghild mwanangu,

Siandiki salamu. Na kama kuna mtu anasoma hii kabla yako, asome, anipeleke anakotaka, nasema kila kitu.

Usiwape watoto samaki. Usiwape, usionje, usilambe hata kijiko. Chukua kipipa ukimwage shimoni, mbali na maji, kifuniko ukichome.

Syver anakufa. Daktari Krag alifika jana kwa skii, alikaa naye saa nzima, kisha akatoka akaniuliza, mbele ya Guro, "Amekula nini kwako?" Nikasema samaki. Akauliza wamekaa wapi. Nikasema pipani. Akauliza tena, nikasema zizini. Akauliza chumvi kiasi gani. Nikamwambia. Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi tayari. Akasema ni sumu inayozaliwa kwenye samaki aliyekosa chumvi na kupata joto, haina rangi, mara nyingi haina hata ladha. Kwanza macho, kisha koo, kisha kifua kinasahau kazi yake, na mtu akili zake zote anazo mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka sasa ninapoandika. "Nani mwingine anao samaki hawa?"

Nilikimbia posta, mimi na miaka yangu hii. Gjertrud ananiambia waya umekatika tangu juzi jioni, theluji imeangusha nguzo kumi na mbili, na treni imekwama chini huko. Nikamwambia, Gjertrud, piga hivyo hivyo. Akasema, "Mzee wangu, hakuna pa kupigia." Juzi asubuhi ulikuwepo. Jumanne ulikuwepo. Aliniuliza kwa kinywa chake mwenyewe.

Na jambo la pili, Borghild. Zile alama tatu. Sikuonja.

Ludvik alikuja siku mbili kabla ya ahadi yake. Alisema ni leo au mpaka mwaka ujao. Pipa lilikuwa halijafunguliwa hata mara moja. Nilikata alama zote tatu kwa mpigo mmoja nikiwa nimeegemea gari lake, akinihimiza. Nilijisemea samaki wangu hawajawahi kumdhuru mtu tangu nizaliwe, alama ni desturi tu. Steinar aliposema Babu hajafa, alikuwa anasoma uongo wangu kwa kidole chake.

Barua hii inashuka na mtu wa posta kwa skii mpaka pale treni inapofanya kazi. Nimempa soksi zangu za sufu na nusu ya nyama niliyobakiza.

Baba yako


Valdres, tarehe 22 Desemba 1942

Borghild,

Syver amefariki juzi mchana. Nilikuwepo. Hakuweza kusema tena, alikuwa anaandika kwenye ubao wa Guro kwa chaki. Neno la mwisho aliloandika akinielekezea mimi lilikuwa "farasi", maana alitaka nimtunzie farasi. Kisha chaki ikaanguka.

Hakuna barua kutoka kwako. Mtu wa posta hajarudi. Waya haujasimama. Nimefunga mkoba nikaenda stesheni kwa miguu, nikafika kwenye daraja la pili. Askari wakanirudisha, wanasema bila karatasi hakuna mtu kupita wiki ya sikukuu. Nikawaambia nataka kuokoa watoto wawili. Mmoja wao, kijana tu, alikuwa anaelewa lugha yetu kidogo. Akaniuliza kuokoa na nini. Nikasema na samaki. Wakacheka wote, na mimi ningecheka.

Ukipata hii usinisalimie. Usiniulize hali. Andika maneno mawili tu, tuko hai, ukunje, utume.

Embrik


Valdres, tarehe 24 Desemba 1942

Borghild,

Najua hii haitafika kabla. Naiandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine.

Ni saa tisa. Sasa unaosha viazi, kama umevipata. Mama yako saa hizi alikuwa anatandika kile kitambaa chenye doa la mvinyo na kuweka sahani juu ya doa. Saa kumi unawasha jiko. Aslaug atakuwa anamfunga Steinar vifungo, na Steinar anamwambia hajui kufunga.

Ni saa kumi na moja. Kengele za kanisa zimeanza. Huko kwenu nazo zimeanza. Nimezisikia Krismasi sabini na tisa na zote nilidhani ni sauti nzuri.

Wewe huvunji desturi. Hivyo ndivyo nilivyokulea, nilikuwa najisifu kwa watu, Borghild wangu akisema saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Kila mwaka umeniandikia, Baba tumekula bila kupika, kama ulivyotufundisha. Kila mwaka niliwasomea Syver na Guro barua hiyo. Leo ningetoa mguu wangu ungekuwa binti mkaidi.

Kengele zimenyamaza.

Sasa unafungua kifuniko. Unampa Aslaug wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa.

Siandiki tena.


Oslo, tarehe 30 Desemba 1942

Baba, tuko hai.

Tuko hai wote watatu. Nimeandika kama ulivyotaka, na sasa nitasalimia kwa sababu bila hivyo sijui pa kuanzia. Shikamoo Baba. Barua zako nne, za tarehe 13, 15, 18 na 22, zimefika jana zote kwa pamoja, zimefunguliwa na kufungwa tena kwa karatasi ya gundi. Nilizisoma nimesimama barazani, nikazisoma tena nimekaa sakafuni. Mwandiko wangu umelala upande kwa kuwa naandika jicho moja limefungwa kitambaa. Nitakueleza. Usiogope, ninapona.

Nina mambo mawili ya kukuambia ambayo ningeenda nayo kaburini.

La kwanza. Yngvar hana kazi nyingi. Askari walimchukua tarehe 3 Oktoba kutoka karakana, mbele ya wenzake. Yuko kwenye kambi ya wafungwa, nimepata kadi moja yenye mistari mitano. Sikutaka ubebe hilo na umri wako. Najua sasa utasema umri wangu una nini.

La pili ni gumu zaidi kuandika. Baba, sijawahi kula samaki wako bila kupika tangu mwaka wa pili wa ndoa yangu. Miaka kumi na moja. Krismasi ya kwanza Yngvar alijaribu, akatoka nje akaegemea ukuta, akaniambia, "Borghild, nakupenda, lakini baba yako anataka kuniua." Tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Mwaka uliofuata niliwaloweka maji tangu asubuhi, nikawachemsha sana mpaka miiba ikaachia, nikawaponda na viazi nikafanya vibonge vya kukaanga. Watoto hawajui kuna namna nyingine. Wanaviita vibonge vya Babu. Na kila Januari nilikaa mezani nikakuandikia uongo ule ule, nikijua utawasomea Syver na Guro, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kukuambia nachemsha samaki wa babu wa babu yako kama nguo chafu.

Mwaka huu viazi vilikuwa vinne. Nikaponda na tanipu. Niliwachemsha kuliko miaka yote, maana harufu ilikuwa kali na niliogopa mama wa ghorofa ya pili. Tulikula saa kumi na mbili. Watoto walikula vibonge saba wakalala wameshiba, mara ya kwanza tangu vuli.

Ila nilipofungua kifuniko, maji yaliruka yakanipata kidoleni, nami nikalamba bila kufikiri. Ladha ya nyumbani, nilijisemea. Siku ya pili nikaona taa mbili mezani. Siku ya tatu kope ya kulia ikashuka. Nilidhani ni uchovu na foleni. Jana, baada ya barua zako, nilikwenda kwa daktari nikampa aisome ya tarehe 18. Alisoma, akaninyanyua kope kwa kidole gumba, akauliza nilipika kwa muda gani. Nikasema tangu saa nane mchana, kinyume cha desturi ya baba yangu. Alikunja barua, akasema, "Mama, hiyo jeuri yako jikoni ndiyo iliyowabakiza hai." Anasema sumu hiyo haistahimili kuchemka, na kwa kuwa nililamba kidole kimoja tu, jicho litarudi.

Kipipa nimekimwaga. Kifuniko sijakichoma, sina kuni za kupoteza na bado sijaamua.

Nasikitika sana kuhusu Syver. Ndiye aliyenifundisha skii, Baba. Sasa unaweza kujua.

Borghild


Valdres, tarehe 10 Januari 1943

Borghild mwanangu,

Barua yako ilifika jana. Gjertrud alitoka nje ya posta akiipunga kabla sijafika mlangoni, hakungoja niivue skii. Nilisoma maneno mawili ya kwanza nikakaa kwenye theluji. Watu walidhani mzee ameanguka. Waache wadhani.

Umenidanganya miaka kumi na moja. Nimelitafuta neno la kukugombeza tangu jana na sijalipata. Umewachemsha. Sawa. Chemsha.

Kuhusu Yngvar, usinifiche tena jambo kama hilo. Umri wangu una nini. Nimemwandikia, sijui kama watampa. Nimemwambia sikutaka kumuua yeye.

Sasa zamu yangu, maana wewe umesema mambo mawili na mimi nimesema moja na nusu.

Kuhusu ile siku ya tarehe 12, nilikuandikia kwamba sikula kwa kuwa nilishiba uji. Sikuwa nimekula kitu. Nilipofungua pipa, kifuniko kilitoa pumzi, na harufu haikuwa ile ninayoijua. Si mbaya sana. Tofauti. Nimefungua mapipa sitini na najua tofauti. Desturi ni mwenye pipa aonje kwanza. Syver alikuwa ameketi na kisu chake mkononi, nikamsogezea sahani nikamwambia, "Anza wewe leo, mgeni aheshimiwe." Alinitazama, maana Syver si mgeni nyumbani kwangu, ameingia mlango huu bila kubisha tangu tuna miaka sita. Kisha akala. Mimi nilikaa namtazama usoni kuona kama atakunja uso. Hakukunja. Akala wa pili.

Sikuogopa kufa, Borghild. Sikuwaza kifo hata kidogo. Niliogopa tu nionje niwe wa kwanza kusema samaki wa Embrik wameharibika, baada ya kujisifu bonde zima na hilo zizi langu. Kwa hiyo nilimwacha rafiki yangu asemee.

Tulimzika tarehe 28, tuliwasha moto siku mbili kulainisha ardhi. Kaburi nilichimba mimi na Daktari Krag na ndugu wawili wa Syver. Baada ya mazishi nilikaa siku kumi na mbili nikijiambia Guro ana msiba wa kutosha, nikimwambia nitamwongezea. Huo ulikuwa uji mwingine. Barua yako ilipofika nilivaa koti nikaenda kwake moja kwa moja, bila kupitia nyumbani.

Alikuwa anamsugua farasi. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, na sahani, na mgeni aheshimiwe. Hakuacha kusugua. Nikadhani hakusikia, nikaanza upya. Akasema, "Nimesikia, Embrik, mimi si kiziwi."

Kisha akaniambia, "Syver alirudi siku ile akanywa maji vikombe vitatu. Nikamuuliza vipi samaki wa fundi. Akasema mwaka huu wana ladha ya mkia wa Dagros. Nikamwambia sasa mbona ulikula wawili? Akasema, ungeuona uso wake, Guro, ananitazama kama mtoto aliyeleta daftari. Ningemwambia, angenuna hadi Pasaka."

Hiyo ndiyo sababu alikula wa pili. Wa kwanza aliuona ubaya wake. Wa pili alikula kwa ajili yangu.

Guro akanipa brashi, akaniambia upande ule mwingine bado. Nikasugua. Farasi nitamtunza mimi, ndivyo alivyoandika mwenyewe kwa chaki.

Pipa langu Daktari amelimwagia chokaa na kulifukia. Septemba ijayo kama chumvi haijarudi, sivundiki. Nitavua, nitakausha kwa moshi, utachemsha unavyotaka. Niandikie hivyo vibonge vinafanywaje, viazi kiasi gani, moto kiasi gani, andika kwa kipimo, mkono wangu siuamini tena. Guro atakuja kula na mimi. Nitaonja kwanza, kisha nitamwambia usoni ladha yake ikoje.

Kifuniko usikichome. Chonga ile mikato mpaka mbao iwe laini, mpe Steinar akatie mikate. Akiuliza alama zimekwenda wapi, mwambie Babu alizikata kabla ya siku tatu kutimia.

Haya niliyoandika ni ya kweli. Kuhusu ugonjwa, Daktari Krag anaweza kusema. Kuhusu telegramu niliyoikataa, Gjertrud yupo pale dirishani kwake kila siku na hasahau kitu. Kuhusu alama, Ludvik alinishikia kifuniko nikikata. Kuhusu mezani pangu tarehe 12 tulikuwa wawili tu, kwa hiyo muulize Guro. Yeye amesimuliwa na sisi sote wawili.

Baba yako, Embrik